Mganga Hajigangi: Siku Saba Wodini na Mtoto Wetu

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hii tulikuwa tukiisikia tangu utotoni, lakini hatukuielewa vizuri mpaka mwezi wa Julai mwaka 2011, mtoto wetu wa tatu alipokuwa na umri wa miezi mitatu. Katika nyumba yetu baba ni mwalimu na mama ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tukisimama kliniki mbele ya akina mama na kuwafundisha dalili za hatari kwa mtoto mchanga. Dalili hizo tulizijua kwa moyo. Hata hivyo, zilipoingia nyumbani kwetu tulizitazama jioni nzima bila kuziona.

Hatuandiki habari hii kwa kujisifu wala kwa kutafuta huruma. Tunaiandika kwa sababu huenda mama anayesoma ukurasa huu atalala leo kando ya mtoto anayekohoa, na atajiuliza kama aende hospitali sasa hivi au angoje kupambazuke.

"Ni mafua tu"

Wanaoifahamu Njombe wanaijua baridi yake ya Juni na Julai. Kuna asubuhi unapofungua mlango unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Usiku tulikuwa tukiingiza jiko la mkaa sebuleni kama walivyofanya majirani, na mtoto alipakatwa pale pale na bibi yake mpaka moto ufifie. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilikuwa imekwisha karibuni. Mama alirudi kazini, na mchana mtoto alibaki na bibi mzaa baba aliyekuja kutoka kijijini kutusaidia.

Jumatatu mtoto alianza mafua. Jumanne akaanza kukohoa. Jumatano alipata joto, tukampa dawa ya kushusha homa. Siku hiyo jirani mmoja alikuja kutujulia hali, akakisikia kile kikohozi, akasema, "Hicho ni kimeo. Yuko mzee hapo ng'ambo anakata, haichukui hata dakika tano." Kabla hatujafungua kinywa, bibi alijibu kwa ukali ambao hatukuuzoea: "Hapana, mama. Mjukuu wangu hakatwi." Jirani aliaga akaenda zake. Sisi tulishangaa kidogo, lakini hatukumwuliza bibi sababu.

Jioni ya Alhamisi mtoto hakutaka kunyonya. Alishika ziwa, akavuta mara mbili tatu, akaliachia, akageuza kichwa. Baba alisema, "Mama watoto, kwa nini tusimpeleke?" Jibu alilopewa lilikuwa, "Ni mafua tu, tungoje asubuhi."

Ukweli ni kwamba tuliona haya. Tulifikiri jinsi wenzetu wa zamu ya usiku watakavyosema: muuguzi mzima anakimbilia hospitali kwa ajili ya mafua! Tena tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuamini lile linalomruhusu kulala. Laiti mama mwingine angekuja kliniki na kutuambia, "Mtoto anakohoa, ana homa na hataki kunyonya," tusingemruhusu kurudi nyumbani hata kwa dakika moja. Kumbe tulijiruhusu wenyewe.

Ilipata saa saba ya usiku bibi alipogonga mlango wa chumba chetu. "Mwanangu, amka. Mtoto anaguna, namsikia hata huku kwangu." Aliingia na taa mkononi, akamfunua mtoto nguo za juu, akatuonyesha kwa kidole. "Tazameni mbavu zake."

Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua chake ilibonyea ndani badala ya kujaa. Tundu za pua zilitanuka. Kila alipotoa pumzi alitoa mguno mdogo, kama mtu anayebeba mzigo mzito.

Bibi alisema kwa sauti ya chini, "Wangu wa pili alifanya hivi hivi. Sisi tulimpeleka kwa mkata kimeo, na hakuiona Jumapili. Ninyi mpelekeni hospitali." Ndipo tulipofahamu kwa nini alimjibu jirani vile.

Dakika moja ya kuhesabu

Hapo tulifanya jambo ambalo tungelifanya tangu jioni. Baba alishika saa, mama akamtazama mtoto tumboni na kifuani, tukahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zilikuwa 68.

Hesabu hii kila mama anaweza kuifanya, wala haihitaji diploma. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Tazama tumbo au kifua chake. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa au kwa simu. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kikomo ni 40. Mtoto anayekohoa na kufikia hesabu hiyo huenda ana nimonia, ambayo wengi wetu huiita homa ya mapafu, na anapaswa kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo. Kama anaguna, au anashindwa kunyonya, au midomo yake inageuka rangi, usingoje hata saa moja.

Hatukuwa na gari. Tulimpigia simu mchungaji wetu, ambaye nyumba yake haikuwa mbali, naye alifika amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Mtoto tulimvua nguo za juu, tukamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukamfunika kwa kitenge na blanketi ili baridi isimpate. Bibi alibaki na wale wakubwa wawili. Njia nzima hatukuzungumza. Tuliendelea kuhesabu pumzi, na kila ilipochelewa moja, tulimgusa mtoto unyayo.

Upande wa pili wa kitanda

Hospitalini muuguzi wa zamu hakutucheka. Alimtazama mtoto mara moja tu, akamchukua. Alimfunga mguuni kipimo kidogo kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, nacho kikasoma asilimia 84. Mtoto akiwa chini ya 90 huhitaji kuongezewa oksijeni bila kuchelewa. Akawekewa vimrija viwili puani, na mashine ikaanza kunguruma pembeni ya kitanda.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta mshipa. Tuliambiwa, "Mama, toka nje kidogo." Maneno hayo sisi wenyewe tumeyasema mara nyingi, tena bila kumtazama mama usoni, kwa kuwa mikono ina kazi. Usiku ule tulisimama ukumbini tukisikiliza kilio chake. Alichomwa mara nne. Halafu akanyamaza, na ukimya ule ulituogofya kuliko kilio.

Daktari alisema ni nimonia kali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na sukari yake haikuwa imeshuka. Alianzishiwa sindano za ampisilini na jentamisini. Kwa kuwa alipumua haraka mno, alikatazwa kunyonya kwa muda ili maziwa yasimpalie, akapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni. Kila baada ya saa tatu mama alitakiwa kukamua maziwa kwenye kikombe, nayo yanapitishwa polepole katika mpira ule.

Mara ya kwanza hakuna kilichotoka isipokuwa matone machache. Hofu ilikuwa imeyafunga. Mhudumu mmoja wa makamo alileta uji wa moto na kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu, akasema, "Kunywa hii, mama, kisha weka kitambaa kifuani. Maziwa hayajakauka, yamejificha tu." Saa tatu baadaye kikombe kilikuwa na maziwa ya kutosha.

Jambo lililotuumiza hatukulitarajia. Asubuhi wenzetu wauguzi walipita kitandani wakasema kwa upendo, "Wewe ni mwenzetu, unajua yote." Basi hakuna aliyetueleza kitu. Kweli tuliujua ugonjwa, na dawa tulizijua kwa majina na vipimo. Tusilolijua ni kama mtoto wetu atapona, na hilo ndilo swali la pekee tulilokuwa nalo. Tuliona haya kuliuliza. Hatimaye baba, ambaye hana cha kujifanya anakijua, alimwuliza daktari waziwazi. Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Siku mbili za kwanza ni ngumu. Akizipita, nitakuwa na matumaini makubwa." Tulishukuru kwa jibu hilo kuliko ambavyo tungeshukuru kwa maneno matamu.

Umeme ulipokatika

Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka kwamba mwaka ule wa 2011 ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Usiku wa pili, mnamo saa nane, mngurumo wa mashine ya oksijeni ulikoma ghafla na wodi ikawa giza.

Ilikuwepo jenereta, lakini ilihitaji mtu wa kuiwasha. Ulikuwepo pia mtungi wa oksijeni, lakini mmoja tu, na watoto waliohitaji walikuwa watatu. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na tochi. Aliuburuta mtungi hadi kwa mtoto aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote, na mtoto huyo hakuwa wetu. Alifanya sawasawa. Sisi tungefanya vivyo hivyo kama tungekuwa katika sare. Lakini tukiwa wazazi, tulitamani kuupokonya mtungi ule, na hatuoni faida ya kulificha hilo.

Tulimwinua mtoto, tukamshika wima ili apumue kwa wepesi. Kwa mwanga wa simu tuliona midomo yake ikianza kuwa ya samawati. Tulijaribu kuomba, lakini maneno hayakuja. Tulichoweza kusema ni "Bwana, Bwana," basi. Kwa saa ya baba zilipita dakika saba. Kisha tukasikia jenereta ikikohoa huko nje, taa zikawaka, na mashine ikanguruma tena.

Asubuhi yake yule mtoto aliyepewa mtungi hakuwepo tena kitandani. Godoro lilikuwa limegeuzwa. Mama yake aliondoka kimya, amejifunika khanga, dada yake akimshika mkono. Hatukujua la kumwambia, nasi tulikaa kimya. Mpaka leo tunamkumbuka katika sala zetu, ingawa jina lake hatulijui.

Mama wa kitanda cha jirani

Kitanda cha upande wa dirisha alikuwepo mama kijana mwenye mtoto wa miezi sita hivi. Mtoto wake alikuwa mweupe viganjani, na homa yake haikutaka kushuka. Wauguzi walimwuliza mara kadhaa mtoto alianza kuumwa vipi, na kila mara alijibu, "Alikohoa tu."

Siku ya tatu, tukiwa tumeketi pamoja tunakamua maziwa, alituuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi mtoto akikatwa kimeo, damu hutoka siku ngapi?" Hakujua kwamba anazungumza na muuguzi. Aliona mama mwenzake aliyevaa kitenge, hajachana nywele, ana kikombe mkononi.

Tulimwuliza kwa nini hakumwambia daktari. Alisema, "Naogopa. Watanigombeza mbele ya watu. Na mama mkwe ndiye aliyempeleka."

Jibu lile lilitugusa sana, maana tunawafahamu waliowagombeza akina mama. Tumo miongoni mwao. Tumewahi kumwuliza mama aliyechelewa, "Ulikuwa wapi siku zote?" huku wodi nzima ikisikia. Tulidhani tunamfundisha. Kumbe tulikuwa tunamfundisha yeye na wote waliosikia kwamba ni afadhali kuficha.

Tulimwambia hivi: daktari hawezi kutibu asichokijua, na kila saa inayopita mtoto wako anaizidiwa. Tukamwomba ruhusa tufuatane naye. Alikubali. Tulimwita muuguzi kando, mbali na masikio ya watu, naye kijana yule akaeleza yote. Koo la mtoto lilipochunguzwa lilikutwa na kidonda kilichooza, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Mjomba wake alijitolea damu siku ile ile, na mtoto akaongezewa. Siku tulipoondoka walikuwa bado hawajaruhusiwa, lakini mtoto alikuwa ameanza kunyonya na kumvuta mama yake nywele.

Kimeo, akina mama, ni nyama ya kawaida ambayo Mungu amemwumbia kila mtu kooni. Urefu wake si chanzo cha nimonia. Kukikata hakuondoi vijidudu mapafuni, ila huongeza hatari ya kuvuja damu, na wembe mchafu huweza kuleta pepopunda na maradhi mengine. Nasi tusiwadharau bibi zetu kwa ajili ya mila hii. Katika nyumba yetu, aliyemwokoa mtoto ni bibi asiye na cheti chochote, aliyeyakumbuka machungu yake na kuamka usiku.

Kurudi nyumbani

Siku ya nne mtoto aliondolewa vimrija, na kipimo kikasoma asilimia 94 bila msaada wa mashine. Siku ya tano alinyonya mwenyewe. Siku ya saba tuliruhusiwa. Akina mama wa kanisani walikuwa wamepokezana kutuletea chakula, na mmoja wao alikuwa akilala nyumbani kwetu ili bibi apumzike. Tulipofika, bibi hakuuliza habari za dawa wala za madaktari. Aliuliza, "Ananyonya?" Tulipoitikia, alimpokea mjukuu wake, akaketi naye juani.

Jiko la mkaa halikuingia tena sebuleni.

Mambo ya kushika

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2019 nimonia iliwaua watoto zaidi ya laki saba walio chini ya miaka 5 duniani. Wengi wao wangepona kwa dawa zilizopo kama wangefikishwa mapema. Kwa hiyo tunawasihi wenzetu mshike haya machache.

Kwanza, hesabu pumzi. Usiseme "anahema kidogo" au "ni mafua tu" kabla hujahesabu dakika nzima.

Pili, zijue dalili ambazo hazingoji asubuhi: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupata degedege, kulegea au kuwa mgumu kuamka, kifua kubonyea ndani, kuguna, na midomo kuwa ya samawati. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, hata homa pekee, au mwili kuwa wa baridi, ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Tatu, panga safari mtoto akiwa mzima. Zungumza na baba watoto: usiku wa manane tutampigia nani mwenye gari au pikipiki? Fedha ya nauli iko wapi? Nani atabaki na wengine? Wekeni namba za simu mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anazijua, pamoja na dada wa kazi.

Nne, mpakate mtoto kifuani njiani, ngozi kwa ngozi, na kama anaweza kunyonya, mnyonyeshe.

Tano, mpeleke kwenye chanjo kwa wakati. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa pia dhidi ya vijidudu vikuu vinavyoleta nimonia, wanapofikisha wiki 6, 10 na 14. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Moshi wa kuni na mkaa uwe mbali naye. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kuua familia nzima usingizini.

Sita, ukifika hospitali sema ukweli wote: dawa ulizompa, miti shamba, kimeo, na siku ulizochelewa. Na ukiwa huelewi, uliza. Kuuliza si ujinga.

Nasi wauguzi tuna la kwetu. Tangu mwaka ule, mama akitufikia amechelewa, tunaanza na mtoto, kisha tunamwambia mama, "Umefanya vizuri kuja." Maswali mengine hungoja mpaka tuwe faraghani. Tena kila anayeambiwa atoke nje tunamweleza kwanza ni kwa nini, na itachukua muda gani.

Mtoto wetu leo ni kijana wa sekondari. Anacheza mpira, na kwa kula anamshinda baba yake. Mara nyingine usiku wa baridi akikohoa chumbani kwake, sisi wawili huamka pamoja na kukaa kimya tukisikiliza. Husikia hatua zetu mlangoni akasema, "Mama, nimeshakua." Tunamjibu kwamba tunajua, kisha tunahesabu kwanza ndipo turudi kulala.

Mpendwa msomaji, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Usiku wowote utakapojiuliza kama uende au ungoje, chukua saa na uhesabu. Usiogope watakaosema umekimbia kwa mafua tu. Sisi tulioliogopa hilo tulikaribia kulipia kwa uhai wa mtoto. Mungu awalinde watoto wenu.